Msimu Baba Alipotufundisha Kihispania

Harufu ya kahawa iliyotoka kumenywa si ile wanayoijua wanywaji wa mjini. Ni harufu nzito, tamu yenye ukali wa kuchacha, inayopanda kutoka kwenye maganda mekundu yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo inzi na nyuki hawabanduki mchana kutwa. Watoto wengi tuliokua nao Kibosho, mlimani Kilimanjaro, harufu hiyo huwakumbusha ada za shule na nguo za Krismasi. Mimi hunikumbusha vitenzi. Nikipita leo karibu na kihamba cha mtu yeyote, yaani shamba la kahawa na migomba kando ya nyumba, wakati wa mavuno, ulimi wangu unaanza wenyewe: comí, comiste, comió. Nilikula, ulikula, alikula. Namwona Baba upande wa pili wa mti wa kahawa, debe limefungwa kiunoni, vidole vinachuma bila kuangalia, na sauti yake inapita katikati ya majani ikitudai mimi na kaka yangu Prosper jibu.

Baba alikuwa fundi wa mitambo. Siku nyingi aliteremka Mabogini kutengeneza pampu na matrekta ya wakulima wa mpunga, na jioni alipanda mlima akinuka dizeli na tope la majaruba. Tulijua kwamba ujanani alipelekwa Kuba kusomea mitambo ya viwanda vya sukari, kwa sababu picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu: kijana mwembamba, suruali pana chini, nyuma yake miwa mitupu hadi mwisho wa picha. Lakini Kuba yenyewe hakuisimulia. Ukimwuliza alisema, "Kuna joto, na watu wanapenda ngoma," basi, kama mtu aliyepita huko kwa basi na kuchungulia dirishani. Kihispania chake hatukuwahi kukisikia hata neno moja.

Siku simu ilipolia tulikuwa barazani wote wanne tukichagua kahawa kavu. Simu za mkononi zilikuwa ngeni kwetu wakati huo. Ya Baba ilikuwa nene kama mche wa sabuni, na ikilia tulinyamaza wote kana kwamba padri ameingia. Baba aliitikia kwa Kiswahili, akasikiliza kidogo, kisha akasimama. Maneno yaliyomtoka yalikuwa mepesi na ya haraka, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya yule kijana wa ukutani. Baadaye alisikiliza tu, na taratibu akaketi juu ya gunia. Alipoishusha simu, Mama alimwuliza, "Baba Prosper, kuna msiba?"

"Hapana," alisema. "Ni mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wangu."

Tulisikia habari yote pale pale, maana Baba hakukumbuka kutufukuza. Huko Kuba, kabla hajamjua Mama, aliishi na mwanamke muuguzi. Alipomaliza masomo na kurudishwa nyumbani, yule mwanamke alikuwa mjamzito. Baba alimwahidi kwamba atarudi, au atawaita. Akafika Moshi, akapangiwa kazi, mwaka ukapita, na mwingine, na kila mwaka uliopita ulifanya barua ya kwanza iwe ngumu zaidi kuandika, mpaka haikuandikwa kabisa. Mtoto alizaliwa msichana, akaitwa Odalis. Sasa alikuwa mtu mzima, anaishi Hispania, anafanya kazi ya kutunza wazee. Namba ya Baba alikuwa ameipata kwa mtu aliyesoma na Baba huko. Alitaka kuja kumwona.

Mama alikuwa na ungo magotini. Aliendelea kuchagua, mbovu huku, nzima huku, mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mtoto hana kosa. Aje." Akainuka akaenda kukata majani ya ng'ombe, kazi ambayo alikuwa ameshaifanya asubuhi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Baba yalikuja kama mtoto wa kwanza.

Kesho yake masomo yakaanza. Odalis hakujua Kiswahili wala Kiingereza, na Baba alisema haiwezekani mtu avuke dunia kuja kuwaona ndugu zake halafu wamkodolee macho. Tulijifunza tukichuma. Kila mti wa kahawa ulikuwa na kitenzi chake, na hukuruhusiwa kuhamia mti unaofuata kabla hujakitaja chote. Kilichonishangaza ni kwamba kwetu "li" moja inawatosha watu wote: nilikula, ulikula, walikula, ukishaijua umemaliza. Kwa Kihispania wakati uliopita unakaa mwishoni mwa neno, na kila mtu ana mkia wake. Prosper, aliyekuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, alichanganya mikia. "Yo comió," alipiga kelele. Baba alicheka mpaka tawi likatikisika. "Yaani mimi alikula? Sasa hapo nani ameshiba?" Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akicheka namna ile, na nilianza kukosea makusudi ili acheke tena.

Palikuwa na kitenzi kimoja kilichonisumbua. Baba alisema fui ni nilikwenda, halafu mti uliofuata akasema fui ni nilikuwa. Nilidhani amesahau. Akasema hapana, ni neno moja kwa mambo yote mawili. "Sasa mtu atajuaje kama ulikuwa au ulikwenda?" nilimwuliza. Mkono wake ulisimama kwenye tawi. "Atajua," alisema, "kwa kuangalia kama bado upo." Siku nyingine nilimwuliza mbona hatufundishi maneno ya kesho, ya nitakula na nitakwenda. Alisema ya kesho tutayajua Odalis akishafika. "Huyu atakuja kuuliza ya zamani."

Jioni yalikuwa masomo ya vitu. Nyumba yetu, ambayo kila kitu kilikuwa na jina la Kichagga na jina la Kiswahili, ikapata jina la tatu. Kijiko kikawa cuchara, maji agua, kuku gallina, mlango puerta. Tulizunguka jikoni tukinyooshea vitu vidole, na Baba akisahihisha kutoka kwenye kigoda chake. Mama alipika akiwa ametupa mgongo. Hakutukataza, lakini pia hakutaja hata neno moja, na nilipomwomba cuchara alisema, "Kijiko changu kina majina mawili tayari, yanakitosha." Siku moja Baba alijaribu kumtuliza. "Mama Prosper, yaliyopita si ndwele," alisema kwa upole. Mama alifunika sufuria. "Kama si ndwele, mbona unayafundisha kila siku?" Tulikula, na sijui kwa nini nakumbuka kwamba kitoweo kilikuwa dagaa.

Odalis alifika mvua za vuli zilipoanza. Baba alikwenda kumpokea uwanja wa ndege akiwa amevaa koti la harusi, na sisi tulisubiri getini hadi gari lilipopanda likiserereka kwenye tope. Akashuka dada mrefu, mweupe kuliko sisi, nywele zimefungwa kitambaa cha njano, na paji la uso la Baba limewekwa juu ya macho nisiyoyajua. Nilikuwa nimeandaliwa sentensi yangu kwa wiki nzima. Nilisogea nikasema, "Bienvenida, hermana. ¿Comiste?" Karibu, dada. Ulikula? Odalis aliweka mkono mdomoni. Kisha akapiga magoti kwenye tope, na suruali yake safi, akanikumbatia akicheka na kulia kwa pamoja, akarudia kwa majirani wote waliokuja kuchungulia, comiste, comiste, kana kwamba nilikuwa nimesema jambo kubwa sana.

Zile siku chache alizokaa zilikuwa njema kuliko tulivyotegemea, na labda hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alijifunza kusema shikamoo, akawa anawaamkia hata watoto wadogo kuliko mimi. Alionja mbege, pombe yetu ya ndizi, akafumba macho, akaomba tena. Jikoni aliona ndizi mbichi akapiga makofi, maana kumbe kwao pia ndizi ni chakula cha kushibisha. Alichukua kisu akaketi kando ya Mama, wakamenya pamoja. Mama alimwonyesha namna ya kupaka mafuta mikononi ili utomvu usigande. Yeye akamwonyesha Mama namna ya kukaanga ndizi zilizobondwa bapa. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, lakini siku ile machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, yalipoiva, Mama alimpakulia Odalis kwanza, na kipande cha nyama alichompa kilikuwa kile ambacho siku zote kilikuwa cha Baba.

Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Alimwonyesha kahawa, ng'ombe, mfereji, makaburi ya babu zetu, akimweleza kila kitu kwa Kihispania kilichokuwa kinarudi upesi kama maji kwenye mfereji uliozibuliwa. Alisema habari za kila kitu isipokuwa ile moja. Jumapili, tulipotoka kanisani na kuketi mezani, Odalis aliweka kijiko chini. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Papá, ¿por qué te fuiste?" Mimi na Prosper tulitazamana. Tulikuwa tumeelewa. Fuiste ulikuwa mti wetu. Kila mmoja wetu alikuwa ameutaja mara nyingi na debe kiunoni. Alikuwa anauliza kwa nini uliondoka.

Baba alijibu kwa muda mrefu akitazama kitambaa cha meza. Maneno mengi yalitupita, lakini vitenzi vya zamani nilivisikia vikichomoza kama mawe mtoni: trabajé, nilifanya kazi, esperé, nilingoja, no escribí, sikuandika. Mwishoni alisema, "Tuve miedo," akarudia, "tuve miedo." Tuve nilikijua, nilikuwa na kitu. Lakini miedo hatukuwa tumefundishwa. Odalis alitazama dirishani, mvua ikinyesha juu ya migomba, machozi yanamtiririka bila sauti. Mama aliondoa sahani ambazo hazijaliwa. Baadaye nilimwuliza Prosper hiyo miedo ni nini ambayo Baba alikuwa nayo huko Kuba. Alifikiri sana. Akasema labda ni ugonjwa, kama malaria, ndiyo maana akarudishwa nyumbani. Niliridhika na jibu hilo kwa miaka mingi.

Asubuhi ya kuondoka, dereva alifika mapema kuliko tulivyopanga, akawa anapiga honi akihofia tope la njiani. Prosper alikuwa garini anapanga mizigo. Nilimwona Mama akitoka upande wa mpaka wa kihamba na jani la sale mkononi. Kwetu sale si mmea tu wa kuweka mipaka. Mtu akikukosea akaja kwako ameshika jani la sale, huwezi kumkatalia. Hata kama moyo unawaka, utalipokea, na jambo litakuwa limekwisha. Mama alilitia jani kwenye mkono wa Baba, akasema, "Mpe. Usimwache aende hivi hivi." Baba alilishika kama kitu cha moto. Akamwendea Odalis, akaliweka kwenye viganja vyake viwili, akavifumba kwa mikono yake mwenyewe. Nilingoja aseme. Lakini hakusema, aligeuka akaingia kwenye kahawa, na tukaona mgongo wake tu ukipotea kati ya miti.

Odalis alilitazama lile jani, halafu akamtazama Mama, ambaye hakuwa na lugha ya kumjibu, halafu akanitazama mimi. "¿Qué es esto?" aliuliza. Hii ni nini? Kichwa changu kilizunguka kwenye maneno yote niliyokuwa nayo, kijiko, maji, kuku, mlango, nilikula, nilikwenda. Nikapata moja. "Una hoja," nilisema. Jani. Alitabasamu, akasema gracias, akanibusu shavuni. Honi ikapigwa tena. Akapanda gari, na jani limelala mapajani mwake juu ya pochi.

Gari lilipopotea Mama aliniuliza, "Alikuuliza nini?" Nikasema aliuliza ile ni nini. "Ukamwambiaje?" Nikasema nimemwambia ni jani. Mama alifumba macho kidogo. "Ni kweli," alisema. "Ni jani." Hakunikemea, na wala hapakuwa na cha kukemea; nilikuwa mtoto wa darasa la nne na Kihispania changu kilikuwa cha msimu mmoja wa kahawa. Jioni alimwambia Baba ampigie simu mtoto amweleze. Baba alisema sale haielezwi, aliyepewa anajua. Mama akasema atajuaje mtu aliyezaliwa ng'ambo ya bahari? Baba akachukua simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nilimwona akifanya hivyo siku nyingi, kule kwenye kahawa, alipodhani hatumwoni. Masomo hayakuendelea. Odalis alipiga mara moja kusema amefika salama, kisha Krismasi moja, kisha namba yake ikawa haipatikani. Baba alichukulia ukimya huo kuwa jibu. Aliamini amemwomba mwanawe msamaha na mwanawe amekataa, na aliishi na imani hiyo miaka yote iliyobaki, akiwa mpole na sisi, akiwa hodari wa pampu za watu, mpaka kifua kilipomzidi tukamzika kihambani chini kidogo ya nyumba.

Mimi sasa naishi Pasua, mjini Moshi, na nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya wapanda mlima. Wageni wengi wanazungumza Kihispania, hivyo miaka michache baada ya msiba nilijiandikisha kwenye masomo ya jioni, darasa la wanaoanza. Mwalimu alifika kwenye kitenzi cha kuwa na kitu, akaandika ubaoni mifano ya kila siku: kuwa na njaa, kuwa na usingizi, kuwa na miedo. Wenzangu walinakili. Mimi niliweka kalamu chini. Miedo ni woga. Baba hakuwa na ugonjwa wowote huko Kuba. Alikaa mezani kwetu, mbele ya mke na watoto wake, akasema waziwazi kwamba aliogopa, na kati yetu sote ni mtu mmoja tu aliyemwelewa, naye alikuwa anaondoka.

Prosper, ambaye siku hizi anaongoza wageni mlimani, ndiye aliyempata Odalis kwenye mtandao na kumpa habari za kifo. Nilipoanza kuzungumza naye nilimweleza sale. Nilijiandaa kwa sentensi zangu kama siku ile ya getini. Akasema uwanja wa ndege walimwambia mimea hairuhusiwi, akalitupa lile jani kwenye pipa. Kisha akasema kwamba alikuwa amekwisha kumsamehe Baba siku ya machalari, lakini alingoja aombwe, na alipoona hakuombwa aliona aibu kuendelea kupiga simu. Alidhani tumechoka naye.

Watoto wa jirani zangu hapa Pasua wanajifunza lugha yoyote kwenye simu wakiwa wamelala kitandani. Kuna msichana mmoja wa miaka kumi ananisalimia kwa Kihispania kila nikitoka kazini, matamshi yake safi kuliko yangu, na kesho yake ananisalimia kwa Kikorea. Namwonea wivu kidogo, halafu sio sana. Pasaka iliyopita Odalis aliniomba nimsimulie siku za mwisho za Baba. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli nikamwambia yote: alivyougua, alivyokataa uji, alivyouliza kama mvua imefika kihambani, alivyolala akiwa ameshika mkono wa Mama. Nilipomaliza alipumua, akaniambia Kihispania changu kimekuwa kizuri mno, kwamba sikukosea kitenzi hata kimoja. Nilimshukuru nikarudi mezani kwangu, kulikuwa na wageni wanangoja funguo. Msimu ule tulikuwa na maneno ya kuhesabika, na Baba alikuwa hai, na mtu wa kuambiwa alikuwa njiani anakuja. Leo maneno ninayo yote.